Mimi na Toutou: vita ya ziwani iliyopitia kituo chetu cha treni

Wandugu wasomaji, na ninyi munaosikiliza habari hizi zikisomwa kwenye radio, juma hili sitaandika juu ya bei ya unga wala juu ya barabara. Kuna mtoto aliniuliza swali, na nilimuahidi jibu.

Siku ya posho iliyopita nilikuwa kwenye kiwanja cha parokia moja hapa Kampemba, mahali familia kadhaa zilizokimbia vita zimepewa hifadhi. Nilikwenda kuuliza habari za dawa na maturubai. Nikakuta watoto wawili wamekaa juu ya matofali, kila mmoja na karatasi ya miraba kwenye magoti, mkono mmoja unaficha karatasi, mwingine unashika biki.

"B ine!"

"Mu maji."

"Zamu yangu. F saba!"

"Tushé."

"F munane!"

Halafu kelele: "Kulé! Kulé! Masuwa yako imezama!"

Aliyesoma shule ya msingi hapa Lubumbashi anaujua mchezo huo. Unachora miraba kumi kwa kumi, unaweka meli zako kwa siri, mwenzako anapiga bomu moja, wewe unapiga moja, zamu kwa zamu, mpaka mmoja aishiwe na meli. Sisi tuliucheza nyuma ya darasa wakati mwalimu anaandika ubaoni. Bibi yangu hakusoma Kifaransa. Alipotusikia tukilia "kulé" alidhani tunasema kule, yaani mbali, na kila mara aliuliza: "Kule wapi?"

Basi, mmoja wa watoto wale, wa miaka kama kumi na miwili, hakuchora bahari. Alichora ziwa refu na jembamba, limesimama wima kwenye karatasi. Upande wa kushoto aliandika K, upande wa kulia K ingine. Nikamuuliza ni nini. Akasema: "Hii Kalemie, ile Kigoma." Familia yake imetoka huko kwenye ziwa. Akaendelea: "Papa, mjomba wangu anasema masuwa ya vita ya wazungu ilipita hapa Lubumbashi ikienda ku Kalemie. Mi nasema anadanganya. Hapa hakuna ziwa."

Mjomba hakudanganya.

Ni kweli mto wetu wa Lubumbashi, wakati wa kiangazi, hata bata anauvuka kwa miguu. Lakini tarehe 26 mwezi wa saba mwaka wa 1915 treni kutoka kusini iliingia mu Elisabethville, ndivyo muji wetu ulivyoitwa mpaka 1966, na juu ya mabehewa yake kulikuwa mashua mbili za vita za jeshi la maji la Uingereza. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili hivi. Moja iliitwa Mimi, nyingine Toutou. Ni majina ambayo watoto wadogo wa Ufaransa wanawaita paka na mbwa. Nahodha wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kwanza kuziita Paka na Mbwa kwa lugha yake mwenyewe. Wakubwa wa London wakakataa, naye akayaleta maneno yaleyale kwa Kifaransa cha kitoto, wakakubali. Huo ulikuwa utani wa mtu ambaye utamkuta mara nyingi tena katika hadithi hii, na si kila mara utamcheka kwa furaha.

Juu ya nini kuleta mashua katikati ya inchi kavu? Hapo tuangalie ile karatasi ya mtoto.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 650. Mwaka wa 1914 upande wa mashariki ulikuwa wa Wajerumani, upande wetu wa magharibi ulikuwa wa Wabeleji, na Waingereza walikuwa na kipande cha kusini. Ku pande zote mbili milima inashuka mpaka majini. Mwenye mashua yenye mzinga ndiye aliyekuwa mwenye ziwa, na mwenye ziwa aliweza kushusha askari popote alipotaka na kuondoka kabla mwenzake hajavaa viatu. Wajerumani ndio walikuwa na hizo mashua: Hedwig von Wissmann na Kingani, zote ndogo. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914, vita ikiwa changa bado, Hedwig ilikuja mpaka mdomo wa mto Lukuga, pale Kalemie ilipo leo, ikapiga meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, na kuiharibu. Wabeleji walikuwa na meli nyingine, Baron Dhanis, lakini ilikuwa vipande vipande ndani ya masanduku. Hawakuthubutu kuiunga ufukoni: kila mtu alijua kwamba ingepigwa kabla ya kuguswa na maji.

Na Wajerumani hawakukaa. Kule Papenburg, kwao, kiwanda cha Meyer kilijenga meli kubwa, wakaifungua tena yote, wakaiweka mu masanduku karibu 5,000, wakaileta Dar es Salaam, halafu kwa treni mpaka Kigoma. Huko ikaungwa upya na kushushwa majini tarehe 5 mwezi wa pili 1915. Jina lake Graf von Götzen. Urefu wake karibu mita 70. Kwa watoto wetu wa mchezo wa karatasi, hiyo ndiyo ile meli ya miraba mitano. Baadaye ilipewa mzinga wa milimeta 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyokufa mu Rufiji mwezi wa saba mwaka huohuo.

Mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, ndiye aliyekwenda London mwezi wa ine 1915 kuwaambia wakubwa wa jeshi la maji kwamba dawa ya Götzen si meli kubwa, ni mashua ndogo zenye mbio. Meli kubwa haiwezi kupita milima. Ndogo inaweza. Wakamsikiliza, lakini kazi wakampa Spicer-Simson, afisa ambaye cheo chake kilikuwa kimelala kwa miaka. Alikuwa anasimamia manowari ndogo ku pwani ya Uingereza. Siku moja ilipigwa na kuzama mchana akiwa yeye mwenyewe kwenye nchi kavu. Wakati wa kutafuta mtu wa kupeleka Afrika, pengine walitafuta yule ambaye kukosekana kwake hakutasikika.

Walitoka London tarehe 15 mwezi wa sita, wakashukia Cape Town, wakapanda treni kilometa zaidi ya 3,000 kupitia Bulawayo na Livingstone mpaka hapa kwetu. Elisabethville wakati ule ulikuwa muji wa miaka mitano tu. Reli iliufikia mwaka wa 1910, na tanuru la shaba la Union Minière lilianza kutoa moshi mwaka uliofuata. Nafikiri waliokuwa kituoni siku ile, wafanyakazi wa reli na wa tanuru waliotolewa kila pembe ya Katanga na Rhodesia, waliangalia mashua zile juu ya behewa na kusema neno ambalo sisi sote tungesema.

Reli ilikwisha ku Fungurume. Leo malori ya kobalti yanapita hapo mchana na usiku, lakini mwaka ule palikuwa mwisho wa chuma na mwanzo wa pori. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, mahali kipande kingine cha reli kilianzia kwenda Bukama, kulikuwa kilometa karibu 235, na katikati imelala milima ya Mitumba, inayopita mita 1,800 kwenda juu.

Hapa ndipo ninataka tukae kidogo, sababu vitabu vingi vinapapita mbio vikienda kwenye mizinga.

Walianza tarehe 18 mwezi wa nane. Walikuwa na matrekta mawili ya moshi, yale ya magurudumu ya chuma, na makundi ya ng'ombe, na mamia ya watu. Watu ndio waliotangulia: kukata miti, kuvunja mawe, kujaza mashimo, kujenga madaraja. Madaraja yenyewe yalipita mia moja na hamsini. Baadhi yalivunjika chini ya uzito wa trekta la kwanza, yakajengwa tena. Kiangazi kilikuwa kikali na mito imekauka, na injini ya moshi bila maji ni jiwe. Wakatumwa wanawake wa vijiji vya karibu kuchota maji mbali na kuyaleta kichwani kwa mitungi, mtungi baada ya mtungi, mpaka tumbo la mashine lijae. Kwenye miteremko mikali mashua ilifungwa kamba kwenye miti na kuachiliwa kidogo kidogo, watu wakiwa nyuma wameshika. Mahali pengine trekta lilishindwa kupanda, ng'ombe wakafungwa kwenye waya uliozunguka mti, wao wakavutwa kushuka ili mashua ipande. Aliyepanga hivyo alikuwa na akili. Lakini akili bila mikono ya watu isingesogeza mashua hata mita moja.

Walifika Sankisia tarehe 28 mwezi wa tisa. Siku arobaini na moja.

Majina ya mabaharia Waingereza tunayajua, vyeo na nishani pia. Majina ya waliokata njia kutoka Fungurume, watu waliotolewa na machifu kwa amri ya Bula Matari, mimi sikuyakuta popote. Wala majina ya wale wanawake wa mitungi. Kama kuna mtu wa pande za Mitumba ambaye babu yake aliacha neno juu ya safari ile, tafadhali aliite jina hilo mbele ya watoto wake, kisha aniletee.

Kutoka Bukama wakashuka mto Lualaba. Maji yalikuwa kidogo, mashua zikakwama kwenye mchanga mara nyingi, zikanyanyuliwa, zikakwama tena. Kwenye 22 ya mwezi wa kumi walifika Kabalo, halafu treni ya mwisho kuelekea ziwa. Mwisho wa mwezi huo Mimi na Toutou zilikuwa Lukuga. Hesabu njia yote toka London: kama kilometa 16,000. Hakuna hata risasi moja iliyopigwa bado.

Nilipomweleza yule mtoto mpaka hapo, alinyamaza, akaangalia karatasi yake, akasema: "Basi mchezo unakosea. Mu mchezo unachora tu masuwa, njo hiyo, iko mu maji."

Sijasikia mwanajeshi wala profesa akisema vizuri kuliko hivyo.

Sasa mizinga. Wabeleji na Waingereza wakajenga kabandari kadogo karibu na Lukuga, na mashua zikashushwa majini tarehe 22 na 23 mwezi wa kumi na mbili. Angalia: Wajerumani ku Kigoma walisikia fununu lakini hawakujua nini hasa kilikuwa nyuma ya kile kilima. Kapteni Gustav Zimmer, mkubwa wao wa ziwa, alikuwa sawa na mchezaji mwenye karatasi nyeupe mbele yake. Siku ya mungu, tarehe 26, siku moja baada ya Noeli, akatuma Kingani kwenda kuchungulia. Spicer-Simson alikuwa anaongoza sala ya asubuhi. Alipoambiwa mashua ya adui inaonekana, alimaliza sala kwanza, akaacha Kingani ipite bandari, ndipo akatoka nyuma yake.

Nyuma, neno hilo ndilo lenye uzito. Mzinga wa Kingani ulitazama mbele tu. Ili kumpiga aliye nyuma ilibidi igeuke, na Mimi na Toutou zilikuwa na mbio kuliko yeye. Baada ya dakika kumi na moja bendera ya Kijerumani ilishuka. Nahodha wake, Junge, alikufa pale pamoja na wenzake kadhaa. Kwenye mashua walikuta mbuzi aliye hai. Mashua ikatengenezwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi, na jina jipya: Fifi. Ulishaelewa ni nani aliyeibatiza.

Halafu ikawa kimya, na hapo ndipo vita hii inafanana na mchezo kuliko vita nyingi ninazozijua. Zimmer hakujua Kingani imekwenda wapi. Imezama na dhoruba? Imepigwa kutoka nchi kavu? Majuma sita yakapita. Zamu yake ikafika: tarehe 9 mwezi wa pili 1916 akatuma Hedwig, chini ya afisa Odebrecht, ije kuuliza swali lilelile mahali palepale. Hedwig iliona mashua zinatoka Lukuga, na moja, Fifi, ilifanana na dada yake aliyepotea. Ikageuka kukimbia. Ilifukuzwa kwa masaa. Fifi ilikuwa na mzinga lakini haikuwa na mbio. Mimi ilikuwa na mbio lakini mzinga wake mdogo. Mimi ikatangulia kuisumbua Hedwig kwa nyuma, kila mara ikilazimishwa kugeuka ili ijibu, na kila kugeuka kukaipa Fifi mita kadhaa. Fifi ikiwa karibu kumaliza risasi zake, mbili zikaingia. Tushé, tushé. Hedwig ikazama.

Kesho yake, tarehe 10, Götzen mwenyewe akatokea, akitembea polepole mbele ya Lukuga, anatafuta Hedwig. Mabaharia walikimbilia mashua. Spicer-Simson akawaangalia na kusema hapana. Meli kubwa ikapita, ikapotea, na wengi hawakumsamehe.

Mimi nadhani alikuwa na haki siku ile. Toutou ilikuwa imeharibika, Fifi haikuwa na risasi za kutosha, na mzinga wa Götzen ungeweza kuwavunja kabla hawajafika karibu. Mchezaji mzuri anajua kupitisha zamu. Kilicholeta shida ni kilichofuata: aliendelea kupitisha zamu. Alitembea ufukoni na sketi ya kaki, na wenyeji Waholoholo wakampa jina la Bwana Chifunga-Tumbo. Alikwenda kutafuta meli nyingine, akarudi, akaona ngome ya Wajerumani ku Bismarckburg na mizinga yake juu, akaacha askari wake watoroke kwa majahazi usiku. Baadaye ikajulikana kwamba mizinga ile ilikuwa ya miti. Götzen pia, mwaka huohuo, ilinyang'anywa mzinga wake mkubwa kwa ajili ya vita ya nchi kavu, ikabaki na mti uliopakwa rangi. Hilo nalo ni somo la mchezo: adui si yule aliyeko, ni yule unayemfikiri.

Waliolimaliza ziwa hawakuwa Waingereza. Mwezi wa sita 1916 Wabeleji walirusha ndege za maji kupiga bandari ya Kigoma, na askari wa Force Publique, watu wetu, wakashuka kutoka kaskazini kwa miguu. Wajerumani wakaona reli yao inakatwa. Tarehe 26 mwezi wa saba 1916, mwaka mmoja kamili tangu Mimi na Toutou zilipoonekana kituoni Elisabethville, mafundi wa Götzen waliipaka injini zake mafuta mazito, wakaizamisha wenyewe, kwa uangalifu, karibu na mdomo wa Malagarasi. Siku mbili kisha Kigoma ikaanguka, na mwezi wa tisa Tabora. Nyuma ya askari walikuwa wapagazi, na wapagazi walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa, kuhara na mapafu. Katika wazee wa Katanga kuna familia ambazo "Tabora" kwao si muji, ni mahali mtu alikwenda asirudi.

Kama munasikia radio hii munapika, mupunguze moto kidogo, sababu nataka kurudi kwenye mchezo wenyewe.

Watu wanadhani kucheza vita ya meli ni upuuzi wa watoto. Haikuwa hivyo hata mwanzo. Mwaka wa 1898 Mwingereza Fred Jane alitoa kitabu cha picha za manowari zote za dunia, na kitabu hicho kilikwenda pamoja na mchezo wake wa meza ambao maafisa wa majeshi kadhaa waliucheza. Mchezo wetu wa karatasi ulienea baada ya vita ile ya kwanza. Marekani walianza kuuza karatasi zilizochapwa tayari mwaka wa 1931, na ile ya plastiki yenye vijiti vyeupe na vyekundu ikaja 1967.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha vita ya pili. Mwanzo wa 1942, ku Liverpool, nahodha mgonjwa aliyeitwa Gilbert Roberts alipewa chumba na wasichana wachache wa jeshi la maji, baadhi wakiwa bado hawajafika miaka ishirini. Walichora miraba kwenye sakafu, wakaweka meli ndogo za mbao. Maafisa waliokuja kujifunza walisimama nyuma ya pazia lenye tundu, waone kidogo tu, kama mtu anavyoona baharini usiku. Kila zamu ilihesabiwa dakika mbili. Kwa kucheza hivyo waligundua namna nyambizi za Wajerumani zilivyoingia katikati ya misafara, na namna ya kuzitoa. Maafisa karibu 5,000 walipita kwenye sakafu ile. Jina la kikosi hicho, kwa herufi zake za mwanzo, lilikuwa WATU. Sikutunga. Waingereza hawakujua wameandika nini kwa lugha yetu.

Leo mchezo uko ndani ya kompyuta, au ordinatere kama tunavyosema hapa. Kijana mmoja mwenye sibere karibu na soko alinionyesha: ramani ya bahari yenye miraba ya pembe sita, kila meli ina mafuta yake, mbio zake, umbali wa mzinga wake, na sehemu ambazo meli zako hazijafika zimefunikwa na ukungu. Unasogeza meli zako zote, unabonyeza, mashine inasogeza zake. Aliniambia juu ya nini vijana wa hapa wanaipenda aina hiyo kuliko ile ya mbio: umeme ukikatika katikati, zamu yako inakungojea. Pia inakubali kompyuta kuukuu. Wawili wanaweza kucheza kwenye mashine moja, mmoja akigeuza uso wakati mwenzake anapanga. Nikamuuliza kama kuna ziwa Tanganyika humo. Akatafuta. Hakuna. Kuna bahari ya Pasifiki, kuna Mediterania. Ziwa letu halimo, na mlima Mitumba usiulize.

Nilirudi parokia siku ya mungu mchana, nikakuta wamechora upya. Yule mtoto wa ziwa ameongeza sheria. Sasa karatasi ni mbili zimeunganishwa kwa ubuyu wa bukari uliokauka: upande mmoja ziwa, upande mwingine njia. Mwenye Mimi na Toutou haruhusiwi kuziweka majini mpaka acheze zamu arobaini na moja za Mitumba, moja kwa kila siku, na kila zamu ni lazima ataje nani amebeba. Rafiki yake, wa kutoka Mitwaba, alikasirika mwanzoni. Alisema ni ndefu mno. Halafu akaanza kutaja watu wa kijiji chake, mmoja mmoja, na hakuna aliyemkatiza.

Mama wa mtoto alikuwa anapepeta unga pembeni. Aliposikia jina la Götzen hakujua. Nikamwambia: Wabeleji walijaribu kuinyanyua, ikazama tena, Waingereza wakaitoa mwaka wa 1924, ikarudi kazini 1927 na jina lingine, Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Injini zile zilizopakwa mafuta zilikuwa bado nzuri.

Akaacha kupepeta.

"Liemba? Ile Liemba?"

Ndiyo, ileile. Mwaka wa 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa uliikodi kuwarudisha Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Kwa miezi mitano ilivuka mara 22, ikabeba watu zaidi ya 75,000. Mwaka wa 2015 ilifanya tena kazi hiyo kwa Warundi waliokwama ku Kagunga. Miaka ya karibuni iliwekwa pembeni kwa matengenezo.

Mama alisema yeye alikuwa na miaka tisa. Alikaa juu ya gunia la sahani, karibu na bomba la moshi, sababu usiku kulikuwa na baridi na bomba lilikuwa na joto. Baba yake alimwonyesha milima ya Kongo asubuhi, ikiwa bluu. Hakujua kwamba meli ile ilijengwa kwa mizinga. Alidhani, akasema, ilijengwa kwa ajili yao.

Mtoto wake alikuwa amesikiliza yote. Akachukua biki, akafuta jina la Götzen kwenye karatasi, akaandika Liemba, halafu akaangalia mwenzake.

"Hii moja haupige," akasema. "Iko na watu. Haya, zamu yako."